Pumzi ya Kuazima

Siku hiyo pumzi ilichelewa kuisha, na wa kwanza kugundua alikuwa Marehemu.

Marehemu alikuwa hai, tena mcheshi kuliko wote pale ofisini. Jina alibandikwa kwa sababu ya kazi yake. Kampuni ilitengeneza michezo ya kompyuta, naye binti wa watu aliajiriwa kuijaribu. Kutwa nzima alimpeleka shujaa wa mchezo akauawe, aone kama kifo kimekwenda sawa. Akichelewa asubuhi, wenzake walisema marehemu kachelewa kwenye msiba wake mwenyewe.

Mchezo waliokuwa nao mkononi ulihusu roho. Shujaa akifa, roho humtoka kinywani kama mvuke, na mchezaji ana nafasi ya kuikimbilia na kuirudisha mwilini. Mtunzi wa kisa alishikilia kwamba roho ni pumzi tu, kitu cha kuazima, na kwamba mtu mwenyewe hasa ni nafsi. Fundi wa sauti hakubishana naye. Kazi yake ilikuwa kuifanya hiyo pumzi isikike.

"Kaka, nimekufa tena," Marehemu alizoea kusema kutoka mezani kwake.

"Pole. Amka," fundi alijibu kila mara bila kugeuka.

Ndiyo ilikuwa salamu yao. Lakini asubuhi ile Marehemu aliongeza, "Ila pumzi ya leo ni ndefu. Na mwishoni kuna mtu anakohoa."

Safari hii fundi aligeuka. Hakuna aliyejua ile pumzi ameitoa wapi. Waigizaji walihema mbele ya maikrofoni mpaka wakachoka, na wote walisikika waongo. Ndipo akakumbuka ujumbe wa sauti uliokuwa kwenye simu yake. Mama yake alimpigia akiwa kazini, yeye akakata kwa kuwa alikuwa anarekodi. Mama akatuma ujumbe usio na neno hata moja, pumzi tu, nzito, kisha nyepesi, kisha basi. Majirani waliovunja mlango walimkuta ameshapoa. Fundi aliichukua pumzi hiyo, akaisafisha, akaiweka mchezoni, na bosi akamsifu mbele ya watu. Alijichukia, lakini sifa alizipokea.

Tangu asubuhi ile ya kikohozi, chumba cha kurekodia kikaanza kunuka dawa ya kuchua, ile ile ambayo mama alijipaka magotini. Spika zilizimwa, pumzi ikaendelea. Na mchana mmoja, jua likiwa limejaa dirishani na wenzake wametoka kwenda kula, fundi alijifungia humo ndani, akavaa vipokea sauti, akasikia kandambili zikiburutwa nyuma yake, taratibu, kwa mwendo wa mtu mwenye goti bovu, zikaja, zikasimama, na pumzi ambayo hadi hapo ilikuwa masikioni ikahamia shingoni, ya moto, yenye harufu ya dawa, ikamwita kwa jina la utotoni ambalo mama tu ndiye aliyelitumia, kisha ikamwambia kwa sauti ya mama, lakini bila upole wa mama, "Mnanifungulia kila siku. Mbona hamnikaribishi?"

Fundi akaleta mganga ofisini, mama mmoja mtulivu. Alimweleza yote chemba, Marehemu akiwa amekaa kando, kajikunyata.

"Huyo siye mama yako," mganga alinong'ona. "Mama yako amepumzika. Wewe umeiacha pumzi yake wazi kama nyumba isiyo na mtu, na jini kahamia."

"Anataka nini?" Marehemu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Pumzi yenye mtu ndani. Na wewe, mwanangu, ndiye unayemfungulia mlango kutwa." Akamgeukia fundi. "Futa kila mahali. Ukibakiza hata moja, atamchukua huyu."

"Na ya kwenye simu?"

"Hiyo kwanza."

Mganga akafukiza, akasoma maneno yake. Fundi alifuta za kwenye kompyuta wote wakiona. Kisha akatoa simu, akawapa mgongo. Hakuwa na kingine kilichobaki cha mama. Alitaka siku moja aisikilize ile pumzi mpaka mwisho, amwombe radhi kwa simu aliyoikata. Kidole kikagoma.

"Nimefuta," alisema.

Marehemu alimshika mkono. "Asante, kaka. Najua haikuwa rahisi."

Harufu ikaisha. Mchezoni ikawekwa pumzi ya mwigizaji, ya uongo kama zile za mwanzo, na ofisi ikarudi kucheka. Fundi akaanza kuamini kwamba mganga alitia chumvi.

Siku ya mapumziko, akiwa jikoni kwake akisubiri maji yachemke, aliitoa simu. Alijiambia ataisikiliza mara moja tu, aombe radhi, kisha aifute kweli. Akabonyeza. Haikuwa pumzi ya mama. Ilikuwa changa, ya kasi, ya mtu anayekimbizwa, ikapanda, ikakwama, ikahangaika kutafuta njia na isiipate, ikashuka, ikawa nyembamba, na mwisho kabisa sauti aliyoizoea ikasema kwa uchovu, bila utani wowote:

"Kaka, nimekufa tena."

Simu ikaita mkononi mwake. Alikuwa bosi, ambaye hakuwa na kawaida ya kupiga siku za mapumziko. Fundi akaikata, kama alivyoikata ile ya mama, akaurudia ujumbe.

"Amka," alisema. "Tafadhali, mdogo wangu, amka."

Jikoni kukaanza kunuka dawa ya kuchua.