Mwenye Nafasi Atunze

Mkunga alitaka ua la dirishani kwa ajili ya mama yake, aliyepooza mwaka wa pili sasa, hasemi wala hanyanyui mkono, kutwa macho dirishani. Muuza maua alimwekea mawili mbele. Moja la majani mapana, zuri ajabu, lakini lilitaka kubembelezwa kama bibi harusi. La pili majani yake marefu magumu yalisimama kama mapanga. Mkunga, mtu wa zamu asiyejua hata leo ni siku gani, akachukua la mapanga.

"Hili halifi kwa kiu," muuza maua alimwonya. "Linakufa kwa maji mengi."

Asubuhi, akikimbilia kazini, alilitania: "Mimi sina nafasi. Mwenye nafasi humu ndani atunze." Mama yake akamtolea macho. Mzaha mzaha hutunga usaha, ila mwenye haraka hana masikio.

Jioni udongo ulikuwa umelowa. Jirani anayeingia mchana kumgeuza mama aliapa hajagusa kitu. Kesho yake chungu kilichuruzika. Siku ya tano ua lilikuwa limelala, mizizi imeoza, na chumba kinanuka kama kisima kilichofunikwa miaka. Mkunga akalitupa jalalani, akashusha pumzi.

Jioni iliyofuata aliukuta mto wa mama umelowa chapachapa, unanuka kisima kile kile. Mama, anayelishwa uji mzito kwa kijiko kwa sababu maji matupu humpalia yakamwingia kifuani, alikuwa akikohoa kikohozi cha majimaji, midomo inang'aa, macho ameyakaza kwenye pembe ya kabati, na pale pembeni, pasipo bomba wala ndoo, kitu kilidondoka, tone, kisha tone, kikinyamaza kila mkunga alipopumua, kikianza tena alipojizuia, kama mtu anayesubiri kupishwa aendelee na kazi yake.

Mganga aliyeitwa aliunusa mto, akanong'ona: "Hakuja kwa ubaya. Uliita mtunzaji, akaja. Mshukuru, mwachishe kazi, umwambie nani atashika zamu. Na usimdanganye, mwanangu."

Mkunga alimshukuru asiyemwona, akaahidi kwamba kila siku, kabla jua halijazama, atamlisha mama yake kwa mkono wake mwenyewe. Harufu ikaondoka. Kwa wiki tatu mama hakukohoa, hata mashavu yakaanza kujaa.

Kisha pacha wa pili wa mama mmoja akagoma kuzaliwa. Mkunga hakuweza kumwacha mzazi wa watu. Alipofika nyumbani mbio, viatu mkononi, taa za barabarani zilikuwa zimeshawaka. Akasukuma mlango, akamkuta mama yake ameketi wima kitandani, yeye asiyeweza hata kugeuka, nguo zikimchuruzika maji mpaka sakafuni, kifua kimetulia tuli, hakipandi wala hakishuki. Midomo yake ikafunguka, ikasema taratibu, kwa upole, kwa sauti isiyokuwa yake:

"Umechelewa. Mama yako nimeshamnywesha."