Uboho wa Kaka

Asubuhi ya kwanza baada ya Kaka kulazwa hospitalini, mdogo wake Kidoti alisubiri mto urushwe kutoka kitanda cha juu, kama kawaida. Haukurushwa. Alivaa sare akaenda shule bila kuchokozwa na mtu. Hata jina hilo la Kidoti alipewa na Kaka, kwa sababu ya alama nyeusi shavuni.

Kwa majuma kadhaa Kaka alikuwa akihema kwa kupanda ngazi tu, na miguuni alitokwa na mabaka ya damu iliyovilia chini ya ngozi ilhali hakuanguka. Shangazi, aliyewalea tangu wadogo, alimkanda kwa maji ya moto na kumnunulia vidonge vya malaria. Walikimbilia hospitali siku fizi zilipokataa kuacha kutoka damu.

"Nahitaji kupima uboho wa ndani ya mfupa wa nyonga," daktari alisema. "Damu hutengenezwa humo."

"Mfupa utobolewe? Thubutu!" Shangazi alimaka. "Mtoto atalemaa."

Alikataa siku hiyo, akakataa na kesho yake. Ndipo Kaka akasema kwa sauti ya chini, "Shangazi, uboho wa ng'ombe unaufyonza mpaka mfupa unapiga mluzi. Wangu ndio unaogopa?"

Shangazi alicheka, machozi yakamtoka, akakubali.

Kaka alichomwa dawa ya ganzi, kisha sindano nene ikavuta uboho nyongani. Maabarani, mpimaji alitandaza tone la uboho kwenye kioo chembamba, likakauka, akalimwagia rangi ya zambarau. Kidoti alichungulia mlangoni.

"Osha hiyo rangi basi, tuone!"

"Tulia, binti. Nikiosha kabla rangi haijakolea, chembe zote zitafanana. Nitamdanganya daktari."

Mpimaji alikuwa mcheshi. Lakini alipoinamia hadubini, aliinuka haraka akaenda kumwita daktari. Kidoti akajua kuna baya.

Ilikuwa saratani ya damu. Chembe changa zilikuwa zimejaa ubohoni, chembe nzima zikakosa nafasi. Sasa ugonjwa ulijulikana, na dawa yake ikaanza siku hiyohiyo. Lakini mwili wa Kaka ulikuwa umechoka mno. Alifariki kabla ya muhula kwisha.

Baada ya mazishi Shangazi aliketi na Kidoti kitandani.

"Pengine angekufa hata tungewahi. Lakini angepata nafasi ya kupigana. Niliogopa sindano, mwanangu, na ugonjwa haukuniogopa. Mwili ukikuambia jambo usilolielewa, usibahatishe. Nenda ukapimwe."

Kidoti aliitikia kwa kichwa.

Kitanda cha juu bado kimetandikwa. Mto wa Kaka anaulalia Kidoti.