Kavera Nyeusi Mpakani

Kila asubuhi Zubaida huvuka mpaka kwenda shule. Kwao ni Busia ya Uganda, shule yake iko Busia ya Kenya, na baba yake, Muzafaru, humpeleka kwa pikipiki ile ile anayobebea mizigo ya wafanyabiashara. Muzafaru ni mtu wa maneno mengi. Huwezi kumuuzia nyanya mbovu akanyamaza.

Lakini jana jioni maneno yalimwishia dukani. Mama Zubaida, aliyekuwa Majanji, kule ziwani, kununua samaki, alimpigia simu. "Baba Zubaida, mtoto yuko kwenye siku zake. Mnunulie pedi, kesho ana mechi."

Muzafaru akaingia dukani, akanunua chumvi ambayo hakuihitaji. Akanunua kiberiti. Akanunua sabuni. Wateja wote walipotoka ndipo alipoinama na kunong'ona. Mwenye duka akazifunga pedi kwa gazeti, akazitia ndani ya kavera nyeusi, ile mifuko ya plastiki, kisha akaitia kavera hiyo ndani ya nyingine.

Zubaida alifurahi kuona zilivyofichwa. Mwezi uliopita aliogopa kuchafuka mbele ya watu, akasingizia homa na kubaki nyumbani. Timu yao ya netiboli ilifungwa vibaya kwa kumkosa. Leo wangerudiana, na mwalimu alikwisha kusema: asipofika tena, nafasi yake atapewa mwingine. Basi akavaa pedi moja, na zilizobaki baba yake akazifunga tena vile vile, akazisokomeza ndani ya jaketi.

Mpakani, mkaguzi kijana aitwaye Patroba akamtazama.

"Mzee, hapo kifuani kuna nini?"

"Kifua," akajibu Muzafaru.

Foleni nzima ikacheka. Patroba akaligusa jaketi, kavera ikalia chakarachakara. Akaichomoa. "Mzee! Si unajua mifuko hii imepigwa marufuku Kenya?"

Muzafaru aliijua sana sheria hiyo. Ila asubuhi hiyo alishughulika kuficha pedi mpaka akasahau kwamba amezifichia ndani ya magendo.

"Na ndani kuna nini?"

"Ni... mkate."

"Mkate gani unafungwa hivi?"

"Mkate ya mtoto. Wacha sisi tupite, afisa. Mtoto yangu nachelewa."

"Ni dhahabu hiyo!" mtu akapaza sauti kwenye foleni.

"Ni simu za wizi!" akadakia mwingine.

Mama mmoja mwenye trei ya mayai akatikisa kichwa. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Sema, mzee, usaidiwe."

"Pikipiki itabaki hapa," akasema Patroba, "na wewe twende ofisini. Hatutamaliza leo mapema."

Masikio ya Zubaida yaliwaka kwa aibu. Lakini aibu hiyo ilianza kugeuka hasira. Baba yake, anayeweza kubishana na soko zima, alikuwa tayari kukamatwa kuliko kutamka neno moja! Na mechi je?

"Ni pedi!" akasema kwa sauti. "Ni zangu. Nina hedhi, na nina mechi!"

Patroba alikuwa amekwisha kulichana gazeti, na sasa hakujua aishike wapi ile pakiti. Akainyoosha mbali na mwili wake. "Madam Truphena! Madam, njoo haraka!"

Truphena, mkuu wake, akaja. Akaitazama pakiti, akamtazama Patroba. "Una dada wangapi?"

"Watatu, madam."

"Basi shika vizuri, haiumi." Akazitupa zile kavera mbili pipani. "Mzee, nakuonya kuhusu kavera. Pedi hazikatazwi na Kenya wala Uganda. Mngezibeba mkononi, saa hii mngekuwa mmeshafika."

"Afisa, mimi naona haya."

"Haya ya nini? Nawe mama wa mayai, hedhi si maradhi. Ni mwili wa msichana unakua vizuri." Akamgeukia Zubaida. "Utabadilisha saa ngapi?"

"Jioni, nikirudi nyumbani. Shuleni wataniona."

"La, mwanangu. Pedi moja haikai kutwa. Badilisha kila baada ya saa chache, usije ukachubuka au ukapata maambukizi. Osha mikono kabla na baada. Iliyotumika ifunge kwa karatasi, itupe pipani, usiitupe chooni. Na tumbo likiuma, mwambie mwalimu ukweli."

"Mwezi uliopita nilidanganya, nikakosa mechi," akakiri Zubaida.

"Basi aibu imekunyima mechi moja. Usikubali ikunyime na masomo."

Patroba akairudisha pakiti kwa mikono miwili. Muzafaru akafungua jaketi lake tena, kwa mazoea.

"Nipe, baba," akasema Zubaida. "Nitazitia kwenye begi langu la shule."

Muzafaru akaitazama pakiti. Akaitazama foleni. Kisha akainyanyua juu kabisa, na ile sauti yake ya sokoni ikarudi.

"Tupisheni! Pedi ya binti yangu napita! Iko na mechi!"

Watu wakapisha huku wakicheka, na mama wa mayai angepiga makofi kama mikono yake ingekuwa mitupu. Wakafika shuleni timu zikiwa ndiyo kwanza zinapanga mstari.

"Baba, si lazima upige kelele vile," akasema Zubaida akishuka.

"Binti yangu, leo kunyamaza nusura kunifunge," akajibu Muzafaru. "Kitu safi ya mwili yako, mimi nilificha kama magendo, ndiyo maana walinishika kama mtu ya magendo. Mwezi ujao naingia dukani mchana, nataja jina yake, natoka nayo mkononi. Haya, nenda. Wewe kazi yako ni magoli."