Mteremko wa Rodi

Siku hiyo ya soko mjini Migori, Awino alipanda baiskeli ya wanaume mbele ya watu wote, gauni lake la manjano amelikunja na kulifunga fundo juu ya goti.

"Dada, hiyo ni ya wanaume," muuzaji alimsihi. "Nikuletee ya akina mama."

"Ya akina mama haipandi milima ya kwetu," alimjibu, akakanyaga.

Awino alikuwa muuguzi katika zahanati ndogo nje ya mji wa Homa Bay. Alitembelea wajawazito vijijini kwa baiskeli, na ile ya zamani ilikuwa imekatika katikati. Alizunguka mara moja kati ya wauza nyanya, watu wakimpigia makofi. Mara ya pili njia ilimteremsha kuelekea mtoni. Akabana breki. Hazikuwapo.

"Haina breki!" alipiga kelele. "Jamani, haina breki!"

Wauza omena, dagaa wa ziwani, waliruka huku na huku. Kijana mrefu aliyekuwa akishusha mikate, shati lake jeupe kwa unga, aliacha kila kitu akakimbia. Aliidaka keria ya nyuma, akaburuzwa huku visigino vikilima vumbi, na baiskeli ikasimama hatua moja tu kabla ya rundo la omena.

"Asante," Awino alisema akihema. "Umeniokoa."

"Nimeokoa omena," kijana alisema. "Wewe ungeamka ukapangusa vumbi."

Awino alicheka mpaka akashika mbavu. Hivyo ndivyo alivyomfahamu Mirumbe, Mkuria wa upande wa Kehancha, aliyesambaza mikate ya bekari kwa baiskeli na kuendesha na klabu kila Jumapili. Kabla hawajaagana, Mirumbe alimweleza kuhusu safari kubwa ya kila Februari: kutoka Migori, kupitia Awendo, Rongo na Rodi Kopany hadi Homa Bay, milima mitupu. Makanisa ndiyo yaliyoiandaa ili kusaidia wodi ya akina mama.

"Na wanawake wanaruhusiwa?"

"Hakuna aliyewahi kuuliza."

"Basi mimi nimeuliza."

Alirudi Homa Bay na baiskeli ya wanaume, yenye breki mpya ambazo Mirumbe alizifunga kwa mikono yake. Haukupita muda akaanzisha klabu pamoja na wauguzi wenzake. Wanaume walisimama barabarani kuwacheka, kisha wakazoea. Kila Alhamisi jioni simu ya zahanati ililia, na Damaris, mwenzake wa zamu, alikuwa akiipokea kwa madaha.

"Sista Awino! Yule wako wa mikate!"

"Sasa, jaber?" Mirumbe aliuliza. Neno hilo la Kijaluo, mrembo, ndilo la kwanza alilojifunza, na alilitamka vibaya makusudi.

"Mimi mzima, baba mikate. Umeupanda ule mlima bila kushuka?"

"Nimeupanda nikikufikiria wewe."

"Muongo! Ulikuwa unafikiria chai."

Jumapili walikutana Rongo, katikati ya safari, wakafanya mazoezi na wenzao. Mvua iliponyesha walijificha katika mkahawa, wakala mandazi, nguo zikiwachuruzika maji. Siku moja Mirumbe aliyazungusha mandazi kwenye sahani bila kuyala.

"Nataka uje nyumbani," alisema. "Watu wangu wakuone."

"Nitakuja," Awino alisema, na siku nzima mabega yake yalikuwa mepesi.

Mwezi wa Desemba simu ya Alhamisi haikulia. Wala iliyofuata. Awino aliamua kupiga mwenyewe, na simu ya bekari ikapokelewa na karani mmoja mchangamfu aitwaye Bathsheba.

"Mirumbe? Amekwenda kwao, dada, na ng'ombe wa mahari! Tutakula harusi huko hivi karibuni. Nimwambie nani alimtafuta?"

"Usimwambie," Awino alisema.

Aliketi mbele ya simu mpaka Damaris akamgusa bega. Alikuwa amewaza harusi moja tu, ya Mirumbe mwenyewe. Mirumbe hakuwahi kumwambia kwamba baba yake alikuwa amefariki, na kwamba yeye kama kaka mkubwa ndiye aliyepaswa kumpeleka mdogo wake, Maroa, kuoa. Huko milimani hapakuwa na simu. Aliporudi Migori jambo la kwanza alilofanya ni kupiga simu ya zahanati.

"Sista hayuko," Damaris alisema, Awino akiwa amesimama kando yake.

Alipiga tena. Hayuko. Akapiga tena.

"Kaka, usisumbuke," Damaris alimwambia kwa huruma. "Ameamua."

Mirumbe aliirudisha simu polepole. Aliwaza kwamba watu wa Awino wamemkataa kwa sababu ni Mkuria, na kwamba Awino ameona ni vyema kunyamaza. Hakumlaumu. Lakini mikate yake ilichelewa wiki nzima.

Februari ikafika. Waendeshaji walijaa Migori asubuhi yenye baridi, bukta na suruali zilizokunjwa, kofia za kila aina, baiskeli nzito nyeusi zikimeremeta mafuta. Awino alikuwa na kitambaa chekundu kichwani na sweta ya bluu. Alimwona Mirumbe. Mirumbe alimwona.

"Habari ya siku nyingi, Sista."

"Nzuri. Hongera."

"Hongera ya nini?"

Filimbi ikapulizwa. Awino alikuwa ameshaondoka.

Walipita Awendo, malori ya miwa yakiwapigia honi. Kutoka Rongo milima ikaanza kweli. Klabu ya Migori na ile ya Homa Bay zilichanganyika, watu wakiimba ili wasahau mapaja, wanaomudu wakiwasukuma wachovu mgongoni kwa mkono mmoja. Kwenye mlima mmoja mrefu Awino alihisi kiganja mgongoni pake. Hakugeuka kuangalia ni cha nani. Alikijua. Walipofika juu kikaondoka bila neno, na yeye akakanyaga mbele macho yakimchoma.

Ulipoanza mteremko wa kuelekea Rodi Kopany, Maroa, mdogo wake Mirumbe, aliyekuja na klabu ya Migori na mwendo wake wa kichaa, alimpita kila mtu akipiga kelele za furaha. Gurudumu lake liliingia shimoni. Alipaa, akatua juu ya usukani wake mwenyewe, chuma kikampasua paja.

Awino alisikia ukelele, akageuza baiskeli. Alimkuta Mirumbe amepiga magoti, amemshika mdogo wake kichwa. Damu ilikuwa ikitoka kwa kuruka.

"Mirumbe, niangalie. Weka mikono hapa. Bonyeza. Kwa nguvu zako zote, usiachilie!"

Alikivua kitambaa chake akakifunga juu ya jeraha, akakaza kwa kijiti, kisha akaweka mikono yake juu ya ile ya Mirumbe, wakabonyeza pamoja. Watu wa klabu walikimbia kulitafuta gari la waandalizi.

"Zungumza na mimi," Awino alimwambia majeruhi. "Usilale. Unaitwa nani?"

"Maroa. Sista, nikifa mwambieni mke wangu…"

"Hufi. Mke wako ni nani?"

"Nyangi. Tumeoana Desemba tu. Kaka huyu ndiye aliyetupelekea ng'ombe, baba yetu hayuko. Kaka ni baba yangu."

Awino aliinua macho. Mirumbe alikuwa akilia bila sauti, bado amebonyeza.

"Ng'ombe walikuwa wa Maroa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wa nani tena?" Mirumbe alisema.

"Nilidhani ni wako," Awino alisema. Mirumbe alimtazama, na taratibu akaielewa ile hongera ya asubuhi.

"Na mimi nilidhani kwenu hawataki Mkuria."

"Hata hawajakuona, mjinga wewe," Awino alisema, machozi yakimdondokea mikononi mwao wote wawili.

Gari lilifika. Awino aliingia na Maroa, Mirumbe akaingia pia, na hospitalini daktari alimshona kijana huyo akaongezwa damu. "Aliyemfunga barabarani ndiye aliyemponya," daktari alisema. Jua likiwa bado juu Maroa alikuwa macho, akilalamika njaa.

"Nendeni," aliwafukuza. "Baiskeli zenu zimeletwa nje. Angalau mmoja wa ukoo wetu amalize."

Wakazipakia garini. Gari liliwarudisha kwenye mteremko wa Rodi Kopany, mahali walipoachia safari, wakaendesha sambamba polepole. Waliongea njia nzima. Ziwa lilipotokea mbele, pana na lenye kumeta, waliacha kukanyaga, baiskeli zikateremka zenyewe.

"Asante," Mirumbe alisema. "Sijui nianzie wapi."

"Anza tu. Barabara bado ipo."

Walifika Homa Bay wa mwisho kabisa. Mahema yalikuwa yamekunjwa, lakini wenzao hawakuondoka hata mmoja. Walisimama, wakapiga kengele zote kwa pamoja. Akina mama wa kanisa walikuwa wamewawekea samaki na ugali, na aliyewasimamia alikuwa Zilpah, mama yake Awino.

"Mama, huyu ni Mirumbe," Awino alisema.

Zilpah alimtazama kuanzia viatu vyenye damu mpaka kichwani. Habari za mteremko zilikuwa zimemfikia tayari.

"Kaa, mwanangu. Mikono umenawa? Basi tuombee chakula."

Mirumbe hakujua Kijaluo cha kuombea. Alifumba macho, akaomba kwa Kiswahili.

"Mungu, asante kwa samaki hawa na akina mama waliowapika. Asante kwa wenzetu waliotungojea. Asante kwa uhai wa mdogo wangu. Asante kwa mtu aliyegeuza baiskeli wakati angeweza kwenda zake. Baba, nampenda. Nilikuwa nimempoteza ukanirudishia. Kama atakubali kuwa mke wangu, nitakushukuru kila siku, hata siku za mlima. Na mama yake nitamheshimu kama…"

"Amina," Awino alisema.

"Sijamaliza," Mirumbe alinong'ona, macho bado amefumba.

"Amina," alisema tena, kwa sauti, na safari hii klabu zote mbili zikamwitikia.