KOMPADRE ALINIAMBIA KUSHOTO

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umenaswa kwenye kamba... na kamba ilikuwa kifuani mwa fahali aliyechachamaa!

Mwili wangu uko chini, unaburutwa mchangani. Mkono uko juu, umegoma kunifuata.

Nikasikia mfupa... kah!

Uwanja mzima unapiga mayowe. Mimi namtafuta mtu mmoja tu.

Nikamwona. Lindomar. Kompadre wangu. Kasimama juu ya mbao za kizimba, kofia mkononi, mdomo wazi kama samaki.

Yeye ndiye aliyeniambia kushoto.

Na fahali amekwenda kulia!

Jamani, kaeni niwaeleze. Naona humu kundini vijana mnaitana nyoka kila siku, rafiki kakufanyia hiki, rafiki kakufanyia kile. Someni hii ya mzee mmoja, mwisho mtaniambia nani alikuwa nyoka.

Naitwa Adelmo. Shule nilisoma vipande vipande, popote baba alipopata miwa ya kukata, kwa hiyo nikikosea kuandika mnisamehe. Ujana wangu wote nilikula kwa kupanda mafahali. Sherehe hadi sherehe, mji hadi mji, huku bara ya São Paulo, Brazili, usingizi kwenye lori.

Kazi yenyewe ni sekunde nane. Mkono mmoja kwenye kamba, mwingine hewani. Wa hewani ukimgusa fahali, umetoka. Ukidondoka kabla ya king'ora, umetoka. Mshahara hakuna. Umeanguka? Basi leo unakula wali wa kuombaomba kwa wenzako.

Na mwenzangu alikuwa Lindomar.

Huyo jamaa tulikula sahani moja. Binti yangu Ivonete alipobatizwa, yeye ndiye baba wa ubatizo aliyemshika kichwa. Ndiyo maana tukaitana kompadre, na kwetu neno hilo ni zito kuliko ndugu wa tumbo moja.

Sasa sikilizeni, kuna kitu kimoja ambacho sisi wapanda mafahali hatukifanyii mzaha.

Tunashindana, ndiyo. Tunagombania wanawake, tunaibiana mashati, tunatukanana mama. Lakini mwenzako akikuuliza, "Huyu fahali anaendaje?" unamwambia kila kitu. Anatokaje, anageukia wapi, kichwa anakirusha vipi. Hata kama huyo mwenzako akishinda wewe unalala njaa. Unamwambia! Kwa sababu maisha yake yako mdomoni mwako, na kesho ya kwako yatakuwa mdomoni mwake.

Asiyefanya hivyo si mtu.

Basi. Fainali ilikuwa Jumapili mchana, jua linachoma hadi ulimbo tunaopaka mkono usiteleze unayeyuka kwenye kamba. Zawadi ni pikapu mpya... na nafasi ya kwenda kupanda Texas, Marekani! Enzi hizo ndiyo Wabrazili walikuwa wanaanza kupata jina kule.

Nilikuwa na miaka thelathini na tatu. Mwilini nilikuwa na vyuma kuliko mlango wa kanisa. Nilijua kabisa, nikikosa leo, basi tena.

Tulibaki wawili. Mimi na Lindomar.

Kura ikanipa fahali anaitwa Sacristão. Mweusi tii, na shingoni ana duara jeupe kama kola ya kanisani. Mzee Gumercindo, mwenye mafahali, alikuwa amemleta toka mbali, picha zake zimebandikwa hadi kwenye duka la mikate. Pale uwanjani hakuna aliyewahi kumpanda zaidi ya Lindomar.

Nikamfuata nyuma ya vizimba.

"Kompadre, huyu anaendaje?"

"Alinitupa kule ng'ambo ya mto, mwezi wa tano. Anatoka kwa mruko mmoja mrefu, halafu kushoto. Kushoto tu, kama bibi anayetafuta sindano aliyoidondosha."

"Una hakika?"

"Wee Adelmo! Mchanga nilikula mimi, halafu unaniuliza hakika? Kushoto! Muwahi kidogo, utamkalia kama kiti cha sebuleni."

"Na ukiikosa pikapu?"

"Nitapanda nyuma kwenye boksi, wewe utaendesha. Punguza domo, vaa glavu."

Kamba yangu aliikaza yeye mwenyewe. Akanipiga kofi kifuani.

Nikamtaja Bikira Maria, Mama wa Aparecida. Nikatikisa kichwa. Geti likafunguka.

Mruko mmoja mrefu... sawasawa kama alivyosema!

Nikaegemea kushoto.

Fahali akakata kulia.

Nilirushwa upande wa kushoto, mkono ukabaki upande wa pili. Yaliyofuata mmeshayasoma hapo juu.

Baada yangu akapanda Lindomar. Akakaa sekunde zote nane.

Akachukua pikapu. Akachukua Texas.

Hospitali alikuja na nguo zile zile za uwanjani, vumbi hadi kwenye kope.

"Kompadre..."

"Ulisema kushoto."

"Nilimwona kwa macho yangu! Naapa kwa Ivonete..."

"Usimtaje mwanangu!"

Akarudi nyuma hatua moja.

"Pikapu ina rangi gani?" nikamuuliza.

Aligeuza kofia mikononi, akaigeuza tena, akatoka. Nikageukia ukuta, nikalia kama mtoto. Daktari alikuwa ameshaniambia. Vidole vile havitafumba tena. Kwisha habari yangu!

Mnasema labda fahali alibadilisha tu siku ile, si ndiyo? Hata mimi nilijaribu kuamini hivyo. Wiki chache tu, Sacristão akarudi uwanjani. Kulia. Sherehe iliyofuata, kulia. Msimu mzima, popote alipopelekwa, kulia, kulia, kulia!

Kila alipogeuka, watu waliangaliana. Hakuna aliyehitaji kusema nani alidanganya.

Lindomar akaenda Texas, lakini habari ilipanda ndege kabla yake. Kule nako wapanda mafahali wa kwetu walikuwepo. Akiuliza, "Kaka, huyu anaendaje?" anajibiwa, "Sijui." Anamgeukia mwingine. "Sijui." Fahali mtu kampanda juzi tu, bado anachechemea, anasema hamjui!

Mwaka haukuisha akarudi, mbavu zimevunjika. Pikapu akaiuza. Akaanza kuzunguka kwenye visherehe vya vijijini, na huko nako ni sijui tupu.

Na yeye? Hata kujitetea aliacha. Ukimbana alikuwa anasema, "Labda niliona vibaya." Mtu akishaanza kuyatilia shaka macho yake mwenyewe, huyo amekwisha.

Mimi nilipata kibarua cha kufungua geti. Unaivuta kamba kwa mkono mmoja, na mmoja nilikuwa nao.

Siku moja, kamji kamoja ka vumbi, nikamwona kwenye kizimba changu. Kakonda, ndevu zimeota hovyo. Fahali aliyempata anaitwa Trovador, wa rangi ya kahawa. Trovador nilishamfungulia geti mara nyingi mno. Mguu wa kwanza tu ukigusa chini, kulia.

Nikawaangalia vijana pale juu ya mbao. Wote wanamjua Trovador. Wote wanatazama mawingu.

Ndugu zangu, nilikuwa sijamsemesha Lindomar toka siku ile ya hospitali. Sikuwa nimemsamehe, sitaki kudanganya. Lakini habari ya fahali haifichwi. Haifichwi hata kwa adui.

Nikasogea.

"Lindomar."

Akashtuka kama kaitwa na maiti.

"Huyu anakwenda kulia. Mapema sana. Kulia."

Akanitazama. Halafu akatabasamu... lile tabasamu la mtu aliyekuwa akilisubiri jambo hili siku nyingi.

"Nastahili, kompadre."

"Unastahili nini?"

"Kulipizwa. Nastahili kabisa. Ila leo niache, dada yangu ananitegemea."

"Wewe mwendawazimu nini? Nakwambia kweli! Kulia!"

"Sawa. Nimesikia. Asante."

Akatikisa kichwa, geti lifunguliwe.

Na mimi ndiye niliyelivuta geti. Mimi! Kabla fahali hajakanyaga chini nikaliona bega lake... limeshalala kushoto, kinyume cha nilichomwambia.

Trovador akakata kulia.

Sitaandika nilichokiona. Enzi hizo tulivaa kofia za kawaida tu, siyo hizi ngumu za siku hizi. Kwato ilimkuta kichwani.

Hakufa. Ingekuwa afadhali angekufa.

Dada yake, Zenaide, akamchukua nyumbani kwake, akawa anamlisha kwa kijiko. Kutembea hakuna. Kumbukumbu hakuna. Kinywani likabaki neno moja tu. Ukimpa maji, analisema. Ukimpa uji wa mahindi, analisema. Jua likiingia dirishani, analisema.

"Kushoto."

Zenaide maskini akadhani anaomba kugeuzwa kitandani. Basi kila akisema, anamlaza ubavu wa kushoto. Akisema tena, anamkandamiza mto vizuri, ubavu ule ule. Mpaka ubavu ukaoza vidonda.

Watu wakasema Mungu amelipa.

Mimi nikashindwa kukaa. Nikaondoka. Nimepikia wachunga ng'ombe kule Mato Grosso do Sul, nimechimba mashimo ya nguzo, nimeuza chumvi ya mifugo. Sehemu nikizoea, nahama.

Miaka ikapita. Siku moja nikasindikiza kundi la ng'ombe hadi shamba moja lenye mabwawa. Nafika, mwenye shamba ni nani? Mzee Gumercindo! Kazeeka, tumbo limeshuka, lakini ndiye.

"Karibu, karibu! Mkono huo vipi?"

"Ni wa fainali, mzee. Sacristão."

"Ahaa! Wewe ndiye yule! Njoo unywe chai ya mate, jua kali hili."

Akanipa pembe ya ng'ombe yenye hiyo chai ya majani, baridi, na mrija wake. Nikavuta. Nikageuza macho kule kwenye birika la ng'ombe.

Chai ikanipalia!

Walikuwepo wawili!

Mafahali wawili wazee, weusi tii, ubavu kwa ubavu, wanakunywa maji. Kila mmoja na duara jeupe shingoni. Kila mmoja na chapa ile ile pajani.

"Mzee... Sacristão ni yupi?"

"Yule anayechechemea. Yule mwingine ni mdogo wake, mama mmoja. Wamefanana, eh? Hata mimi asubuhi, wakiwa bado wamelala, huwa nawachanganya."

"Siku ya fainali ulileta yupi?"

Akacheka. Naapa, alicheka!

"Kijana, hiyo ni zamani sana. Sacristão kwato zilikuwa zimeoza, hawezi hata kusimama. Na picha zimeshabandikwa mji mzima! Watu wamekuja kumwona Sacristão, nitawaambia nini? Nikamleta mdogo mtu. Mkubwa hakupona sawasawa, basi jina nikamwachia mdogo moja kwa moja."

"Na chapa?"

"Chuma ni changu, ng'ombe ni wangu."

"Mkubwa alikuwa anageukia wapi?"

Nilikuwa nalijua jibu.

"Sacristão? Kushoto. Kushoto tu, maisha yake yote."

Pembe ya chai ikanidondoka.

"Mzee, umewaua watu wawili!"

"Mimi? Niliahidi fahali, nikaleta fahali. Kupanda mlipanda wenyewe." Akaiokota pembe, akaipangusa kwenye suruali. "Utaongezewa?"

Sikuaga. Nilidandia lori la mbuzi, nikadandia la mbao, mpaka nikafika kwa Zenaide.

Chumba kilinuka dawa na kidonda. Lindomar alikuwa mifupa na macho.

Nikapiga magoti, nikaweka mdomo sikioni mwake.

"Kompadre. Ulisema kweli. Sacristão alikuwa anakwenda kushoto. Yule niliyempanda hakuwa Sacristão. Unanisikia? Hukuona vibaya!"

Akaangalia dari.

"Kushoto," akasema.

Zenaide akakimbia kumgeuza. Nikamshika mkono.

"Usimgeuze, dada. Haombi kugeuzwa."

"Anaomba nini basi?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza akiwa amesimama. Halafu akaketi sakafuni, taratibu, akashika kichwa.

"Ina maana... miaka yote hii... nilikuwa namlaza juu ya kidonda?"

Nikaketi naye sakafuni.

Sijui kama alinielewa. Nilikaa pale siku kadhaa, nikarudia na kurudia. Kila mara macho darini, kila mara neno lile lile. Alikufa kabla mvua hazijaanza. Jeneza tulilibeba mimi, Zenaide na majirani. Kutoka uwanjani hakuja hata mtu mmoja. Nilizunguka sherehe mbili tatu kuwaeleza vijana ukweli, wakaniuliza, "Mzee, Lindomar ndiye nani?"

Basi hayo ndiyo yangu.

Yeye aliniambia kweli, ikanivunja. Mimi nikamwambia kweli, ikamuua. Hakuna aliyesema uongo kati yetu sisi wawili, hata siku moja!

Kwa hiyo wewe uliyekaa hapo na simu, unataka kumwandika rafiki yako nyoka mbele ya watu... subiri kwanza. Neno lake lilipotoka mdomoni hadi likafika kukuumiza, palikuwa na mtu katikati. Kamtafute huyo mtu. Nenda hadi zizini kwake, ukahesabu mafahali.

Sisi hatukwenda.