Vifuniko Viwili Vyeusi

Jambo ambalo Shangazi hakuling'amua mapema, na ambalo lingempunguzia mahangaiko ya siku nzima, lilikuwa ngurumo yenyewe. Aliisikia kwa masikio yake Jumamosi alasiri, katika chumba cha mazoezi ya bendi kilichobandikwa magodoro ukutani, wakati Radi, binti wa marehemu kaka yake, alipolipiga gitaa lake na sakafu ikatetemeka. Shangazi alikuwa mpelelezi wa polisi mpaka alipostaafu, lakini siku ile alikwenda kama mgeni tu. Alijiziba masikio kwa pamba, akatabasamu kwa adabu, wala hakujiuliza swali lolote.

Wizi uligunduliwa Jumapili. Radi alikwenda katika karakana ya Fundi, mtengenezaji wa magitaa, kuchukua kopo lililohifadhi pikapu kuukuu za gitaa hilo, yaani vile visanduku vya sumaku na waya vinavyokaa chini ya nyuzi na kuunasa mlio wake. Baba yake alizitengeneza kwa mkono katika mwaka wake wa mwisho, na hakuacha kitu kingine alichokiunda mwenyewe. Kopo lilikuwa rafuni, mahali pake. Ndani hamkuwa na kitu.

"Namheshimu Fundi, shangazi," Radi alisema, macho yamemwiva. "Lakini mlango wake una ufunguo mmoja tu. Jumanne tunaingia studio. Zisipopatikana kabla ya hapo, nalipeleka jina lake polisi."

Shangazi alijua uzito wa neno hilo. Watu humwachia Fundi vyombo vyao kwa kumwamini tu. Akitajwa polisi hata mara moja, karakana imekufa.

Kwa hiyo Jumatatu saa tatu asubuhi alikuwa ameketi mbele ya meza ya Fundi, katikati ya harufu ya mbao na risasi ya kulehemia. Fundi alikuwa mtu mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni.

"Nitajie vilivyopotea, kimoja kimoja," Shangazi alisema.

"Pikapu mbili za marehemu. Na vifuniko viwili vyeusi vya plastiki, vitupu, kutoka droo ile."

"Vitupu?"

"Vitupu kama tumbo langu tangu jana. Magitaa ya watu yote yapo ukutani, hayakuguswa. Mwizi gani huyu, dada? Anaacha ng'ombe, anaiba kwato!"

"Na kwa nini Radi alizibadilisha za baba yake?"

"Muziki wao mzito. Wanalegeza nyuzi mpaka zinaning'inia kama kamba za kuanikia nguo, kisha wanaongeza mkwaruzo juu yake. Za marehemu zikipandishwa sauti zilikuwa zinapiga mluzi, unajua, kama birika linalochemka. Basi nikamwekea kali, hizi za betri. Zimezibwa ndani ya kasha jeusi, huzifungui, na hazipigi mluzi. Zina ubaya mmoja tu: bila betri ni bubu. Hata uzipige kwa nyundo."

"Ulilijaribu gitaa ulipomaliza?"

"Ijumaa asubuhi. Lilinguruma vizuri. Jioni Radi akalichukua."

Shangazi alilitazama kopo tupu. "Kaka yangu alizitengeneza vipi hizo zake?"

"Nyumbani. Ni kazi ya mikono minne: mmoja azungushe gurudumu, mwingine auongoze waya, na waya wenyewe mwembamba kuliko unywele."

"Mikono miwili ya ziada ilikuwa yako?"

"Yangu? Marehemu hakuniruhusu hata kukohoa karibu nazo! Aliniletea zimekwisha."

"Nani waliingia humu wiki iliyopita?"

"Kishindo, mpiga besi wa bendi ya Radi. Alikuja Alhamisi kunigombeza, akaapa atazitupa hizo mpya. Na wifi yako, mama yake Radi: Alhamisi alikuja kulipima gitaa ili alishonee mfuko, Ijumaa akauleta. Siku zote mbili niliwaacha humu nikaenda kula. Watu wa nyumbani hao, dada. Ningewafukuza?"

Kishindo alipatikana katika chumba cha mazoezi, akikaza nyuzi za besi. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, ambaye jina lake la utani lilimfaa kwa kazi tu, si kwa umbo.

"Nasikia uliapa kuzitupa pikapu mpya," Shangazi alianza.

"Niliapa, shangazi, sikatai. Nilijua zitanimeza. Ningebaki kama samaki, mdomo unafunguka na sauti haitoki. Nikamwambia Radi azirudishe za mzee, akakataa."

"Kwa hiyo ukazichukua za mzee?"

"Nizipeleke wapi? Isitoshe, Jumamosi nilibatilisha kiapo. Besi yangu ilisikika kila noti! Nikamwambia, kumbe hizi mpya zina adabu, zinamwachia mtu nafasi."

"Mbona unatokwa jasho?"

Kishindo alitazama mlango, kisha magodoro ukutani, kisha viatu vyake. "Haya. Niliiba."

Shangazi alijiweka sawa kitini.

"Niliiba betri," kijana alisema kwa sauti ya chini. "Pedali yangu, ile ya kukanyaga ili kubadili sauti ya besi, iliishiwa betri Jumamosi kabla hatujaanza. Nikafungua kikasha kilicho mgongoni mwa gitaa la Radi, nikaichomoa yake. Kwetu sisi hilo ni baya kuliko kumchukulia mtu mchumba. Nilikusudia kumnunulia nyingine. Tafadhali, usimwambie."

"Ondoka mbele yangu," Shangazi alisema, akijizuia kucheka, na lile jambo akalitupa pamoja na mizaha mingine ya vijana.

Njiani alijaribu kuziunganisha habari alizozipata, lakini kila alipoziweka pamoja zilikataa kukaa. Fundi, kama angekuwa mwizi, asingejiibia vifuniko visivyo na thamani na kisha kujitangazia hasara. Kishindo alikuwa na hasira, lakini hasira yake iliyeyuka baada ya mazoezi, na mtu mwenye hila huificha furaha yake. Alimfikiria hata Radi mwenyewe, akaona aibu. Katika miaka yake yote ya kazi aliwahi kukosa ushahidi. Hakuwahi kuwa nao mwingi kiasi hiki na bado asione kitu. Alifika nyumbani kwa wifi yake saa kumi, kichwa kimemvurugika kama uzi uliochezewa na paka.

Kutoka chumba cha ndani ilisikika cherehani. Radi alikuwa sebuleni, gitaa mapajani, akilichomeka kwenye spika ndogo. Lilikuwa limetoka tu katika mfuko wake mpya, na Shangazi alipoinama kulitazama alinusa harufu hafifu ya mshumaa.

"Umeme ulikatika?"

"Hapana. Sikiliza hapa, shangazi, ndipo wimbo wa kesho unapoanzia." Radi akazigonga nyuzi na madirisha yakajibu.

Shangazi alibaki ameinama. Kisha, polepole, akaligeuza lile gitaa mapajani mwa Radi, akakifungua kikasha cha betri kwa ukucha. Kilikuwa kitupu.

"Betri yangu iko wapi?" Radi aling'aka.

"Iache. Piga tena."

"Haliwezi kulia bila..."

"Piga, mwanangu."

Radi akapiga. Gitaa, ambalo kwa maneno ya Fundi lilipaswa kuwa bubu, likanguruma kama Jumamosi. Wakatazamana.

"Lete bisibisi," Shangazi alisema.

Walizilegeza nyuzi na kung'oa skrubu. Vile vifuniko vyeusi vilitoka kwa urahisi, maana havikuwa sehemu ya pikapu. Vilikuwa kofia tu. Chini yake zilionekana pikapu mbili zilizofunikwa nta, na nyaya zake zimefungwa pamoja kwa uzi mweupe, fundo limezungushwa kama shina la kifungo cha koti.

"Hizi ni za baba," Radi alinong'ona.

Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Mpigie Fundi simu aje," Shangazi alisema. "Ameshukiwa mbele ya watu, basi asafishwe mbele ya watu."

Fundi alipofika, Wifi alikuwa ameketi sebuleni, mikono mapajani. Shangazi hakupandisha sauti.

"Wifi, Alhamisi ulizichukua katika kopo. Ijumaa, Fundi alipokwenda kula, ulizirudisha katika gitaa na kuzivika vifuniko vyake ili zifanane na mpya. Mwizi wa kawaida hafungi nyaya kwa fundo la fundi cherehani. Na mikono miwili iliyozungusha gurudumu ilikuwa yako. Nimekosea?"

"Hukukosea." Wifi aliinuka, akaenda kwenye droo ya cherehani, akarudi na pikapu mpya zilizoviringishwa katika kitambaa. "Gurudumu lilikuwa la cherehani hii. Mimi nazungusha, kaka yako anaongoza waya. Ukikatika tunaanza upya. Kulehemu alinifundisha yeye."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema zimezeeka, zinapiga mluzi. Hazikuzeeka, mwanangu. Hazikumalizika! Zilibaki kuchovywa katika nta iliyoyeyushwa, ili waya usitetemeke ndani. Nta tulikwisha kuinunua. Akaugua. Alhamisi usiku nilizichovya mwenyewe."

Fundi alivua miwani. "Mimi nilidhani alikwisha kuzichovya. Sikuthubutu kuzifungua. Kazi ya marehemu, nikaona si heshima."

"Kila mtu aliziheshimu," Wifi alisema, "na hakuna aliyeziangalia. Ningekuomba, mwanangu, ungenikubalia kwa huruma. Nilitaka uzisikie kwanza, uzichague kwa masikio, ndipo nikwambie."

"Nilizisifu Jumamosi," Radi alisema. "Nilizisifu mbele ya wote."

"Na Fundi, je?" Shangazi aliuliza.

Wifi alimgeukia Radi. "Sikujua utalitafuta kopo mapema hivyo. Ulipomtaja polisi nikaogopa. Nikasema nitasema kesho, na kesho ilipofika ulimi ulikuwa mzito zaidi."

"Shemeji," Fundi alisema taratibu, "mimi jana usiku kucha nilikuwa nikihesabu nani ataniamini tena."

"Najua. Hilo ndilo nililoiba."

Hakuna aliyempinga. Radi alimpigia Fundi magoti kumwomba radhi, na mama yake akafanya vivyo hivyo. Fundi akawainua wote wawili, akiwa bado amekunja uso.

Jumanne Radi alirekodi kwa pikapu za wazazi wake. Zile za betri ziliwekwa katika gitaa lake la pili, kwa nyimbo zinazozihitaji. Fundi alimsamehe Wifi na bado humpa kazi za kushona mifuko, lakini siku hizi akienda kula hufunga karakana kwa kufuli, na Wifi humsubiri nje kama wateja wengine.