Karatasi ya Siri ya Rezwan

"Kuna msichana nampenda," Rezwan alisema, macho kwenye dirisha lililolowa mvua ya Dhaka. "Namuona kila siku. Nyumbani wamenitafutia mwingine, Ijumaa natakiwa nitoe jibu."

Nuzhat akaitikia kwa kichwa taratibu, kama walivyofundishwa. Wote wawili walikuwa mwaka wa pili, wanasomea udaktari wa saikolojia, na Jumanne hiyo walikuwa kwenye mazoezi. Mmoja anajifanya mgonjwa, mwenzake anamsikiliza, kinasa sauti kiko mezani. Mgonjwa anapewa karatasi ya siri yenye tatizo la kuigiza. Msikilizaji haruhusiwi kuiona.

"Naona jambo hili linakuumiza," Nuzhat alisema.

"Sana. Ningekuwa na uhakika kwamba ananitaka, ningemwambia mama leo leo."

Halafu kimya. Kimya kile jamani, kitamu kama usingizi wa mchana. Mvua inanyesha, feni inazunguka polepole, kijana anamwangalia binti, na binti moyoni anajisifu kwamba leo hajamkatiza mgonjwa.

Muda ukaisha. Rezwan akaaga, akapanda treni kwenda kwao Sylhet.

Nuzhat akabaki na kazi ya kuandika mazungumzo yote neno kwa neno, hata kila kimya na sekunde zake. Akaandika: kimya, sekunde thelathini na moja. Akasikiliza tena. Na tena. Chai ikapoa, yeye anaelea tu kwenye ile sauti aliyoipenda mwaka mzima bila kumwambia mtu. Akajionya asiwe mjinga, mwenzake alikuwa anaigiza. Akaituma kazi.

Alhamisi mchana mwalimu wao, Madam Ferdousi, akampigia. Akamsifu kwanza, kisha akacheka.

"Sasa mwanangu, zile karatasi naandika mimi. Rezwan nilimpa aigize mwenye duka asiyepata usingizi. Hayo mapenzi kayatoa wapi?"

Nuzhat akakata simu. Simu ya mwalimu wake, fikiria. Akamwandikia Rezwan: "Umeshajibu nyumbani?"

"Bado. Mama yuko hapa ananisubiri. Kwani vipi?"

Miaka miwili anafundishwa kusikiliza, hili la kusema hakuna aliyemfundisha. Akapiga.

"Rezwan, leo nisikilize wewe. Nakupenda. Tangu mwaka jana. Usimkubali huyo."

Upande wa pili mtu akavuta pumzi ndefu, mara simu ikabadili mikono.

"Wewe ndiye Nuzhat?" Sauti ya mama mtu mzima.

"Ndiyo, mama. Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Mbona umechelewa hivyo, binti? Huyu tangu juzi hali chakula, ananiangalia tu kama paka, hata jina lako nimemtoa kwa shida. Wale wa yule binti mwingine hatujawaambia kitu bado, ila vitamu vya posa nimeshanunua kilo nne, na mimi sivitupi. Haya, nitajie mtaa wa baba yako."

Nuzhat akautaja, na namba ya nyumba, na rangi ya geti.